Wana wa Rhodes katika Katanga

Wapo wazee wa Kiyahudi wanaoishi Brussels na Cape Town ambao utotoni walizungumza Kihispania cha kale na bibi zao, Kifaransa na walimu wao, na Kiswahili na karibu kila mtu mwingine waliyekutana naye. Walizaliwa Élisabethville, mji ambao tangu 1966 unaitwa Lubumbashi, na baba zao walikuwa na maduka ya vitambaa. Ukiwauliza asili yao, wengi hawatakutajia kwanza Ubelgiji wala Kongo. Watakutajia Rhodes, kisiwa cha Bahari ya Aegean kilicho karibu zaidi na Uturuki kuliko Athens, ambacho baadhi yao walikiona kwa mara ya kwanza wakiwa watu wazima.

Jamii hiyo ilifika Katanga ikiwa imebeba dini yake jikoni na katika lugha ya nyumbani. Huko ililazimika kuamua nani ni mwana wake na nani si mwana. Habari zake ni sehemu ya historia ya Kiswahili pia, ingawa vitabu vyetu huipita kimya.

Mambo yalianzia Hispania. Tarehe 31 Machi 1492 Mfalme Ferdinand na Malkia Isabella walitia saini amri iliyowapa Wayahudi wa nchi yao miezi minne: wabatizwe au waondoke. Waliokataa ubatizo walitawanyika Ureno, Moroko na Italia, na wengi wakaelekea mashariki kwenye Milki ya Osmani, ambako Sultani Bayezid wa Pili aliwapokea. Salonika na Istanbul zikajaa watu waliosema Kihispania. Rhodes yenyewe wakati huo haikuwa mahali pa kukimbilia. Ilitawaliwa na watawa wapiganaji wa Mtakatifu Yohane, na mwaka 1502 mkuu wao, Pierre d'Aubusson, aliwataka Wayahudi wa kisiwa hicho wachague kati ya ubatizo na kufukuzwa. Miaka 20 baadaye, Desemba 1522, Sultani Suleiman aliuteka mji baada ya kuuzingira kwa miezi sita. Ndipo Wasefardi, yaani Wayahudi wa asili ya Hispania, walipoanza kuhamia.

Walikaa ndani ya kuta za mji, karibu na bandari, katika mtaa ulioitwa Juderia. Sinagogi lao la Kahal Shalom, lililojengwa mwaka 1577, lingali linatumika hadi leo, na sakafu yake ya kokoto nyeusi na nyeupe zilizopangwa kwa nakshi bado inakanyagwa na waumini. Katika kisiwa cha Waturuki na Wagiriki, watu wa mtaa huo waliendelea kusema Kihispania kwa zaidi ya miaka 400. Hispania yenyewe ilikwisha kubadili matamshi na misamiati, lakini wao walibaki na lugha ya siku ile waliyofukuzwa, wakiichanganya na Kiebrania, Kituruki na Kigiriki kadiri maisha yalivyowadai. Wataalamu wa leo huiita Kiladino. Wenyewe, wakiwa nyumbani, mara nyingi waliiita tu Kihispania chetu.

Haikuwa lugha ya nyumbani tu. Waliipitisha katika ungo wa dini. Waliiandika kwa herufi za Kiebrania. Mungu walimwita Dio, wakaiacha ile s ya mwisho ya Kihispania kwa sababu ilisikika kama wingi, na Mungu ni mmoja. Jumapili, ambayo Wahispania Wakristo huiita siku ya Bwana, wao waliiita alhad, kwa hesabu ya Kiarabu ya siku ya kwanza. Torati ilichapishwa kwa lugha hiyo Istanbul mwaka 1547, neno kwa neno, ikifuata mpangilio wa Kiebrania hata pale sarufi ya Kihispania ilipolalamika. Mwaka 1730 rabi Yaakov Culi wa Istanbul alianza kutoa Me'am Lo'ez, tafsiri ndefu ya Torati iliyojaa hadithi, mafundisho na maelekezo ya sheria, akiwaandikia watu wasioelewa Kiebrania. Vitabu hivyo vilisomwa kwa sauti majumbani siku ya Sabato, na hapo akina mama na watoto walijifunza dini ambayo sinagogini ilitamkwa kwa Kiebrania.

Sinagogi lilikuwa la wanaume. Katika Kahal Shalom wanawake walikaa kwenye vyumba vya pembeni, wakisikiliza kupitia matundu, mpaka roshani yao ilipojengwa katika miaka ya 1930. Nyumba ndiyo iliyokuwa mikononi mwao, na kwa maoni yangu mtu akitaka kujua dini ya Rhodes ilikuwa nini, aanzie huko. Torati inakataza kuwasha moto siku ya Sabato, hivyo kazi yote ilimalizwa Ijumaa kabla ya jua kuzama. Mayai yaliwekwa kwenye chungu pamoja na maganda ya vitunguu na kuachwa juu ya makaa usiku kucha, mpaka yakawa ya hudhurungi mpaka kwenye kiini. Hayo ndiyo huevos haminados. Jumamosi asubuhi wanaume walipotoka sinagogini walikuta meza ya desayuno: mayai hayo, borekas za jibini au biringani, boyos za mchicha. Jibini haikuwekwa kwa bahati. Sheria haimruhusu Myahudi kula maziwa na nyama kwa pamoja, kwa hiyo mlo wa asubuhi ukiwa wa maziwa, nyama husubiri wakati wake na vyombo vyake. Mtoto wa Juderia alijua hayo kwa kuchapwa kikofi alipogusa sahani isiyo yake, muda mrefu kabla ya kusomeshwa.

Kulikuwa pia na mambo yasiyomo katika Torati. Kijicho waliita aynara, na mwanamke aliyejua prekante, maneno ya kukiondoa, aliheshimiwa mtaani kote. Mtu aliyeshtuka vibaya au kupatwa na huzuni isiyoeleweka alifanyiwa enserradura: alifungiwa ndani siku kadhaa pamoja na mama mtaalamu, nyumba ikiwa imenyamazishwa, majirani wakihama kwa muda. Stella Levi, aliyezaliwa Juderia mwaka 1923 na kuhamia New York baada ya vita, alimsimulia mwandishi Michael Frank habari za bibi yake aliyekuwa akifanya tiba hiyo. Msomaji wa Lamu au Tanga aliyewahi kuona mtu akizinguliwa au akinyweshwa kombe hatahitaji maelezo zaidi.

Maisha hayo hayakuwa ya raha siku zote. Februari 1840 mtoto wa Kigiriki alipotea, na Wayahudi wakasingiziwa kwamba wamemuua ili damu yake itumike kwenye ibada. Ni uzushi wa kale wa Ulaya, na mwezi huohuo ulizuka Damascus pia. Watu walikamatwa na kuteswa, na Juderia ikafungwa kwa siku kadhaa bila chakula kuingia. Kelele zilifika Istanbul na London, na Novemba mwaka huo Moses Montefiore, tajiri Myahudi wa Uingereza, alipata kwa Sultani Abdülmecid amri rasmi iliyotamka kwamba tuhuma hiyo ni uongo.

Nusu ya pili ya karne ya 19 ilileta jambo ambalo lingewapeleka Afrika bila wao kujua. Mwaka 1860 Wayahudi wa Paris waliunda Alliance Israélite Universelle, chama kilichojenga shule za Kifaransa kwa ajili ya Wayahudi wa Mashariki, na shule hizo zikafika Rhodes. Walimu wake waliidharau lugha ya Juderia. Waliiona kama lahaja chafu ya watu walioachwa nyuma, na wakataka watoto waseme Kifaransa. Watoto wakasema. Kwa hiyo, Italia ilipokinyakua kisiwa kutoka kwa Waturuki mwaka 1912 na biashara ikazidi kudorora, kijana wa Rhodes mwenye mifuko mitupu alikuwa na kitu kimoja cha kuuza: alijua Kifaransa. Wenzake walienda Marekani, Argentina na Rhodesia. Yeye, akisikia kuna koloni la Ubelgiji lenye shaba na mji mpya unaohitaji wauza duka, alikata tiketi ya kwenda Kongo.

Élisabethville ilianzishwa 1910, mwaka ambao reli kutoka Rhodesia ilifika hapo. Mwaka uliofuata Union Minière du Haut-Katanga ilianza kuyeyusha shaba. Wayahudi wa kwanza mjini hawakuwa wa Rhodes. Walikuwa Waashkenazi, watu wa Lithuania, Poland na Urusi waliopitia Afrika Kusini, na ndio walioanzisha jumuiya mwaka 1911. Warodesli, kama wenyewe wanavyojiita, walifuata mmojammoja, kisha kaka kwa kaka, kisha binamu na shemeji. Mtu alifika, akafanya kazi ya ukarani katika duka la mjomba, akapewa mzigo kwa mkopo, akapelekwa kufungua duka lake kwenye kituo kilicho mbali na reli. Majina ya Amato, Hasson, Benatar, Alhadeff, Israel, Franco na Soriano yakaanza kuonekana juu ya milango ya maduka.

Wateja wao walikuwa Waafrika, na lugha ya wateja ilikuwa Kiswahili. Kiswahili kiliingia Katanga pamoja na misafara ya karne ya 19, enzi za Msiri wa Bunkeya, lakini kilichokifanya kiwe lugha ya mji ni migodi. Wafanyakazi waliletwa kutoka Kasai, Rhodesia, Nyasaland na Ruanda-Urundi, na katika kambi walihitaji lugha moja. Hapo pakazaliwa Kiswahili cha Katanga, kile cha kusema “iko muzuri”, chenye kanuni zake zinazomkosesha raha mwalimu wa Zanzibar. Mrodesli alikipokea hivyohivyo, dukani, akipima kitambaa. Kwa mtu aliyekwisha kusema Kihispania na mama yake, Kituruki na karani, Kigiriki sokoni, Kiebrania sinagogini, Kifaransa shuleni na Kiitaliano na polisi, lugha ya saba haikumtisha.

Alikuwa nani basi mbele ya mteja wake? Mwaka 2002 mwandishi Moïse Rahmani, mzaliwa wa Cairo aliyekulia Kongo, alitoa kitabu kwa Kifaransa juu ya Wayahudi wa nchi hiyo na kukiita Shalom Bwana. Jina hilo linachekesha kidogo, lakini linasema kweli. Wabelgiji wa ngazi za juu hawakuwaona Warodesli, Wagiriki, Waitaliano na Wareno kuwa wazungu kamili. Waliwaita wazungu wadogo, na milango ya klabu fulani iliwakawilia. Hata hivyo, sheria ya koloni iliwaweka upande wa juu wa kaunta. Waliishi mji wa wazungu, ambako Mwafrika hakuruhusiwa kutembea usiku bila kibali. Walikuwa na wapishi na watumishi. Watu waliofungiwa ndani ya Juderia mwaka 1840 sasa walilala katika mtaa ambao wengine ndio waliofungiwa nje yake. Sioni sababu ya kulificha hilo, wala ya kujifanya kwamba wao ndio waliolibuni.

Tatizo kubwa la dini lilikuwa kwamba wanaume walifika peke yao. Ibada ya pamoja inataka wanaume kumi waliokomaa. Bila kumi hao baadhi ya sala haziswaliwi, ikiwemo kadishi, sala ya yatima kwa mzazi aliyekufa. Mwenye duka peke yake kando ya Ziwa Mweru hakuweza kumwombea baba yake mpaka asafiri. Jumamosi ilikuwa siku nzuri ya biashara, na si kila duka lilifungwa. Lakini ugumu wa ndani zaidi ulikuwa nyumba. Dini yao ilikaa mikononi mwa wanawake, nao wanawake walikuwa wamebaki Rhodes. Tena sheria ya Kiyahudi huhesabu ukoo wa dini kwa mama: mtoto wa Myahudi mwanamke ni Myahudi, na mtoto wa Myahudi mwanamume na mwanamke asiye wa dini hiyo si Myahudi mpaka aongoke.

Vijana wakaandika barua. Familia za Juderia zikatafuta mabinti, picha zikavuka bahari, mahari zikajadiliwa, na mabibi harusi wakapanda meli. Wengi wao hawakuwahi kutoka kisiwani. Walishuka kwenye joto la Katanga na masanduku ya mashuka yaliyotariziwa na mapishi yaliyohifadhiwa kichwani. Nao walipofika, Sabato ikafika, na Kihispania cha kale kikaanza kusikika barazani. Hakuna aliyejua wakati huo kwamba ndoa hizo zilikuwa zinawaokoa mabinti hao kutoka kifo.

Upande wa pili wa habari hizi huzungumzwa kwa sauti ya chini. Wanaume hao kabla ya kuoa, na wengine hata baada ya kuoa, walizaa na wanawake wa Kikongo. Baadhi waliwatambua watoto wao, wakawapa majina na shule. Wengine hawakuwatambua kabisa. Sheria ile ya mama iliyolinda nyumba ya Kisefardi ndiyo iliyowaacha watoto hawa nje ya sinagogi la baba zao. Na serikali ya Ubelgiji ilikuwa na sera yake kuhusu machotara wa koloni lake kwa jumla: wengi walinyang'anywa mama zao na kupelekwa misheni. Waziri Mkuu Charles Michel aliomba radhi kwa ajili ya sera hiyo Aprili 2019, na Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels iliamua kwamba kutekwa kwa wanawake watano waliofungua kesi kulikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu.

Sinagogi la Élisabethville lilijengwa mwaka 1930, na humo Waashkenazi na Warodesli walilazimika kusali pamoja. Walitofautiana kwa mengi. Kiebrania kilekile walikitamka tofauti. Wakati wa Pasaka Waashkenazi hawali wali. Wasefardi wengi wanakula. Mwashkenazi hampi mtoto jina la babu aliye hai kwa kuogopa kumkatia maisha, ilhali Msefardi humheshimu babu kwa kumpa mjukuu jina lake angali akiketi mezani, na ndiyo maana katika ukoo mmoja wa Rhodes utawakuta kina Nissim watatu au wanne, binamu wote, kila mmoja akiitwa kwa jina la babu yule yule. Idadi ilizungumza yenyewe. Warodesli walipozidi, sinagogi likafuata ada zao.

Mwaka 1937 aliwasili rabi kijana, Moïse Levy, mzaliwa wa Rhodes aliyesoma katika chuo cha marabi kilichofunguliwa kisiwani enzi za gavana Mario Lago. Angekaa Kongo zaidi ya miaka 50 na kuwa rabi mkuu wa nchi nzima. Chuo kilichomsomesha hakikuishi muda mrefu baada ya yeye kuondoka. Mwisho wa 1936 Lago alibadilishwa na Cesare Maria De Vecchi, fashisti wa kundi la mwanzo la Mussolini. De Vecchi aliwalazimisha Wayahudi kufungua maduka siku ya Sabato. Mwaka 1938 zilikuja sheria za ubaguzi wa rangi za Italia: chuo kikafungwa, na watoto wa Kiyahudi wakafukuzwa shule za serikali. Mmoja wao alikuwa Sami Modiano, mwenye umri wa miaka minane, mwanafunzi hodari ambaye hakuelewa amekosa nini. Waliokuwa na ndugu Katanga au Rhodesia waliuza walichoweza wakaondoka. Nissim Soriano alikuwa mmoja wa walioondoka. Alifika Kongo, akaingia katika biashara ya samaki karibu na Ziwa Mweru.

Waliobaki Juderia walikuwa zaidi ya 1,600, wengi wakiwa wazee, wanawake na watoto. Wajerumani walikitwaa kisiwa Septemba 1943, Italia ilipojitoa vitani. Kwa miezi kumi hawakuwagusa Wayahudi. Kisha Julai 1944, majeshi ya Washirika yakiwa yamekwisha kutua Normandy na Wasovieti wakiwa Poland, wanaume waliamriwa kuripoti wakiwa na vitambulisho vyao. Walipokwisha kukusanywa, wake zao waliambiwa wafuate na watoto na vitu vya thamani, la sivyo waume watauawa. Balozi mdogo wa Uturuki, Selahattin Ülkümen, alikwenda kwa jenerali wa Kijerumani na kudai raia wa nchi yake pamoja na wenzi wao wa ndoa. Aliokoa zaidi ya 40, wengine wakiwa na uhusiano hafifu sana na Uturuki.

Waliosalia walitembezwa kwenda bandarini tarehe 23 Julai na kupakiwa katika mashua tatu za mizigo. Njiani wakachukuliwa Wayahudi kama 100 wa kisiwa cha Kos. Safari ya baharini hadi Piraeus ilichukua zaidi ya wiki moja chini ya jua la kiangazi, na baada ya siku chache katika gereza la Haidari wakafungiwa kwenye mabehewa ya mizigo. Treni ilifika Auschwitz tarehe 16 Agosti. Katika mauaji yote ya Wanazi, watu wachache sana waliletwa kutoka mbali kiasi hicho, na Ujerumani ilikuwa inashindwa vita wakati ikitafuta mashua na mabehewa kwa ajili yao. Wengi walipelekwa moja kwa moja kwenye vyumba vya gesi. Kati ya Wayahudi wa Rhodes waliosafirishwa, walionusurika ni takriban 150.

Wasefardi wana ada ya meldado: kila mwaka, tarehe aliyofariki mzazi, ndugu hukusanyika nyumbani, husoma Zaburi na Mishna, kisha hula pamoja. Katika Élisabethville ya 1945 habari zilipothibitishwa, duka baada ya duka, mtu alijikuta na meldado ya baba, mama, dada na watoto wa dada kwa siku moja au siku zinazokaribiana.

Walionusurika hawakuwa na pa kurudi. Juderia ilikuwa imepigwa mabomu, na nyumba zilizobaki zilikuwa na watu wengine. Baadhi walikwenda Italia na Marekani, na baadhi wakaja Kongo kwa sababu huko ndiko waliko ndugu. Sami Modiano, aliyempoteza baba na dada Auschwitz, aliishi Kongo, akaoa mwanamke wa asili ya Rhodes, na akaondoka vurugu zilipokuja baada ya uhuru. Uzeeni alirudi kukaa sehemu ya kila mwaka Rhodes, akiwapokea wageni katika Kahal Shalom.

Miaka ya 1950 ilikuwa ya neema kwa jamii hiyo. Wayahudi wa Kongo walikuwa takriban 2,500, na sehemu kubwa yao ilikuwa Katanga. Lakini ndani ya neema hiyo lugha ilikuwa inakufa, nami sidhani ni haki kuwalaumu Wanazi peke yao. Auschwitz iliua wasemaji. Shule iliua haja ya kusema. Watoto wa Élisabethville walisoma kwa Kifaransa. Bibi aliuliza kwa Kihispania chake, wao wakajibu kwa Kifaransa. Kiswahili kilikuwa na nafasi imara zaidi katika siku ya mtoto kuliko lugha ya ukoo wake, kwa kuwa kilikuwa na watu wa kucheza nao na wa kufanya nao kazi.

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960, na kabla ya wiki mbili kwisha Moïse Tshombe akatangaza kujitenga kwa Katanga. Vita viliendelea mpaka Januari 1963, na familia nyingi zilihamia Brussels na Cape Town. Mwaka 1965, mjini humohumo, kikundi cha waliokuwa watumishi wa nyumbani wa wazungu kilitoa historia ya Élisabethville iliyoandikwa kwa Kiswahili, ikiwa imekusanywa na André Yav. Wapishi na madobi waliokuwa wakiwasikiliza mabwana mezani sasa walisimulia wao mji ulivyojengwa, na kwa damu ya nani. Anayesoma kumbukumbu za Kifaransa za Warodesli aziweke kando ya maandishi hayo. Ni mji mmoja, lakini kuna kurasa ambazo usingedhani zinausimulia mji uleule.

Waliobaki walipigwa na tangazo la Rais Mobutu la tarehe 30 Novemba 1973, ambalo kwalo maduka, mashamba na biashara za wageni zilitwaliwa na kugawiwa raia wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo. Biashara zilizojengwa kwa miaka 50 zilibadili mikono kwa barua. Wengine walirudishiwa mali baadaye, ikiwa imekwisha kunyonywa. Uporaji wa 1991 uliozikumba Kinshasa na Lubumbashi ulimaliza kilichobaki, na mwaka huo rabi Levy naye akaondoka kwenda Ubelgiji, alikofariki 2003. Brussels ndiko Moïse Rahmani alikokuwa akitoa jarida la Wasefardi, Los Muestros, lililochapisha Kiladino kando ya Kifaransa na Kiingereza. Mwaka huohuo wa 2003 bamba la Kiladino liliongezwa Birkenau kando ya yale ya lugha nyingine, baada ya kampeni ya wazee waliokataa lugha ya wafu wao ikosekane pale.

Sinagogi la Lubumbashi bado limesimama, likitunzwa na familia chache. Jina la Rhodes lililovuma zaidi Kongo katika miaka ya karibuni, hata hivyo, halikutoka humo. Nissim Soriano alizaa na mwanamke wa Kikongo huko Kashobwe mtoto aliyezaliwa tarehe 28 Desemba 1964, na mtoto huyo, Moïse Katumbi, akawa gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015. Kwa sheria ya Kiyahudi si Myahudi. Julai 2021 uliwasilishwa bungeni Kinshasa mswada uliotokana na hoja ya mwanasiasa Noël Tshiani, wa kutaka urais uwe wa mtu ambaye baba na mama yake wote ni Wakongo, na nchi nzima ilielewa ulikuwa unamlenga nani. Mswada haukupita. Desemba 2023 Katumbi aligombea, akifanya kampeni katika miji ya mashariki kwa Kiswahili, na akawa wa pili.